Mdadisi na Godoro la Mirija

Kaka yangu hajui kuuza kitu bila kukisifu. Mpelekee kiti kilichochanika, atakifunika kitambaa kipya, atakukabidhi, halafu badala ya kukuacha uende zako atakueleza kwamba sasa mgongo wako utanyooka, usingizi utakujia wenyewe, na wageni wako hawatataka kuaga. Tunamwita Sponji, kwa sababu tangu alipoacha shule ameishi na sponji: anazikata, anazigundisha, anazishonea vitambaa, na vumbi lake la njano haliishi kwenye nyusi zake. Hata mke wake, wifi yangu, humwita hivyo. Watoto wa mtaani wanadhani ndilo jina alilopewa siku aliyozaliwa.

Kutia chumvi, kwake, si uongo. Ni sehemu ya ufundi, kama nyundo. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na fundi wa makochi atakayemwambia mteja "kochi hili ni la kawaida tu" atakufa njaa huku gundi ikimkaukia vidoleni. Mlangoni pa karakana yake pana ubao alioupaka rangi mwenyewe: KAA HAPA, UCHOVU UTAONDOKA WENYEWE. Niliwahi kumuuliza uchovu unaondokaje kwa sababu ya kitambaa cha maua. Akanijibu kwamba mimi tangu utotoni nina ugonjwa wa kuuliza, na ugonjwa huo hauna dawa.

Ni kweli, ninao. Na kwa bahati nimepata kazi inayoutaka.

Niko kwenye ofisi inayosajili vifaa tiba. Zamani mtu aliyetengeneza kitu cha kutumiwa na wagonjwa alikuja na faili kwapani, akapanga foleni, akaambiwa arudi kesho. Siku hizi anaanzia kwenye tovuti yetu, kwa programu ambayo jina lake rasmi ni refu kama hotuba ya mgeni wa heshima, lakini sisi tunaoitunza tunaiita Mdadisi. Mdadisi hatoi hukumu mlangoni. Anauliza tu. Je, kitu chako kinaingia mwilini au kinabaki nje? Kinagusa ngozi nzima au kidonda? Kwa dakika chache au kwa siku nyingi? Kinatumia umeme? Kila jibu linafungua swali jingine, na mwisho wa njia anakuambia kifaa chako kipo daraja gani, kuanzia A, walipo akina bendeji, hadi D, kwa vitu ambavyo vikikosea mtu hapati hata nafasi ya kulalamika. Kadiri daraja linavyopanda ndivyo utakavyodaiwa ushahidi zaidi.

Kazi yangu ni kuyatunza maswali hayo. Nikiona waombaji wengi wanakwama mahali pamoja, sisemi ni wajinga. Najua swali letu lina kona, nalinyoosha. Na nakiri naipenda kazi hii kuliko ilivyo kawaida mtu kupenda kazi ya ofisini, kwa sababu imenifundisha jambo ambalo bado linanishangaza kila asubuhi: kitu hakina daraja lake chenyewe. Kinalipata kutokana na unachosema kinafanya. Glavu ya kuoshea vyombo na glavu ya daktari zinaweza kutoka kwenye mpira uleule, lakini moja ni ya jikoni na nyingine inapita kwetu. Fimbo ya kufukuzia mbwa haituhusu, ila ukisema ni ya kumsaidia aliyevunjika mguu atembee, njoo tuzungumze. Tuliwahi kubishana mchana kutwa, watu wazima tuliosoma, kuhusu kijiko. Kijiko cha kunywea dawa ya kikohozi ni kifaa tiba au ni kijiko? Chakula kilipoa na hatukukubaliana.

Sasa nimrudie kaka yangu.

Mama yetu alipopatwa na kiharusi, upande wake wa kushoto ulilala na haukuamka. Kichwa kilibaki kizima, na mdomo ndio usiseme. Alikuwa karani wa posta maisha yake yote ya kazi, nyuma ya kidirisha chenye nondo, na amebaki na tabia ya kidirishani: ukimuuliza jambo anakujibu jambo hilo, kwa usahihi, kisha anangoja mwingine. Sponji ndiye mkubwa wetu, kwa hiyo mama alihamia kwake, kwenye chumba kilichopakana na karakana. Wifi ni mwalimu, hutoka asubuhi na kurudi alasiri. Mlango wa kati uliachwa wazi ili mama amsikie mwanawe akishona, na mwanawe amsikie mama akiita.

Jirani yao ni muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake kwenye hospitali ya hapo karibu. Yeye ndiye aliyewaonya mapema kwamba mtu anayelala mahali pamoja ngozi yake huchoka, hufa, na hutoboka vidonda ambavyo kupona kwake ni kazi. "Mgeuzeni," alisema, "mgeuzeni tena na tena." Wakamgeuza. Lakini Sponji ni mtu ambaye hawezi kutazama kitanda bila kutaka kukirekebisha, na wazo la mama kutobolewa na godoro, yeye akiwa fundi magodoro, lilimkosesha raha.

Akatengeneza lake. Alichukua mipira ya ndani ya matairi ya baiskeli, akaikata, akaiziba ncha, akailaza kwa kukingama juu ya ubao, mmoja baada ya mwingine, kama ngazi. Akaiunganisha kwa mirija myembamba na pampu ya tangi la samaki, na kwenye pampu akafunga saa aliyoing'oa kutoka mashine mbovu ya kufulia. Ikijaa mipira ya witiri, ya shufwa hupungua. Baada ya muda saa inalia tiki, mambo yanageuka. Kwa hiyo uzito wa mtu haukai popote kwa muda mrefu, unahamahama wenyewe, bila mtu kumgeuza. Kitu kimoja tu hakuweka, nacho ni sponji. Ingekiinua kitanda mno, na wifi asingeweza kumshusha mama kwenye kiti peke yake. Akatandika turubai laini juu ya mipira, basi.

Mara ya kwanza nilipoliona likifanya kazi nilipiga magoti sakafuni kama mtoto, nikatazama mawimbi yakipita chini ya shuka. Niliuliza kila kitu: kwa nini baiskeli na si pikipiki, saa ile inajuaje, hewa inayotoka inaenda wapi. Sponji alijibu yote kifua mbele. Mama naye, kila mgeni aliyeingia, hata aliyekuja kuulizia kochi lake, aliitwa chumbani aone. "Mwanangu ameniundia kitanda kinachopumua," alisema. Na mwanawe, pale mlangoni, alizidi kunenepa kwa sifa.

Miezi ikapita na ngozi ya mama ikabaki nzima. Asubuhi moja muuguzi, katika kumkagua, alimgeuza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Fundi," akasema, "wodini kwangu nina akina mama wanaolala hivihivi, na migongo yao sitaki hata kukusimulia. Nataka magodoro haya."

"Nakuletea hata kesho!"

"Kesho huingii nayo. Bila usajili hayavuki mlango wa hospitali. Nenda kwenye ile tovuti ya kina mdogo wako, uanzie huko."

Wifi aliniambia baadaye kwamba siku ile Sponji hakula. Nilimwelewa. Amefunika viti vya vinyozi, viti vya kungojea, makochi ya watu wanaotaka jirani aone wivu. Hakuna hata siku moja alipotengeneza kitu ambacho mtu angeumia kwa kukikosa. Sasa wodi nzima ya wagonjwa inamngoja yeye. Alitaka godoro lile liingie pale kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na hakuficha.

Nami nikamwambia msimamizi wangu kwamba kaka yangu anakuja kuomba. Msimamizi hakuwa na maneno mengi. "Usimguse. Si jibu, si faili, si hata nukta." Ni sawa, ndiyo kanuni, na ni kanuni nzuri. Lakini jaribu kumweleza kanuni kaka yako.

Alinipigia akiwa anahema.

"Mdogo wangu, hicho kidude chenu kina wivu."

"Kimefanyaje?"

"Nimekijibu vizuri, kwa ufasaha. Kinaniambia niko Daraja C! Nilete majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa, nilete ripoti za madaktari. Kwani nimetengeneza moyo?"

"Umeandika linafanya nini?"

"Nimeandika ukweli. Linazuia vidonda, linaponya vilivyopo, linaamsha upande uliolala, linashusha presha na kutuliza mawazo."

"Presha linashushaje?"

"Tangu mama alilalie, presha yake iko vizuri."

"Mama anakunywa dawa za presha, kaka."

"Zinasaidiana."

Nilikuwa naumwa mbavu kwa kicheko nilichokibana. Nikamwambia siwezi kusema zaidi, apige dawati la msaada.

"Damu nzito kuliko maji, wewe mtoto!"

"Ndiyo maana wamenikataza."

Akakata simu. Kwa kumjua, nilijua hatapiga dawati lolote. Mwenye karakana hamuulizi mtu njia. Alirudi kwa Mdadisi peke yake, kwenye simu, na gundi vidoleni, kioo kikakataa kumtambua, akawa anabonyeza kwa kifundo cha kidole. Safari hii alijifanya mnyenyekevu. Kama sifa zinapandisha daraja, alijiambia, basi zishushwe zote. Alipoulizwa kitu chake ni cha nini akaandika: godoro la kulalia mtu. Mdadisi hakumchelewesha. Kwa maelezo uliyotoa, hiki si kifaa tiba, hakihitaji usajili.

Wifi anasema alicheza peke yake kati ya makochi. Kisha akampigia muuguzi ampe habari njema, na muuguzi akamzimia ngoma.

"Kama si kifaa tiba, basi ni fanicha. Siwezi kumlaza mgonjwa juu ya fanicha nikasema inamkinga na vidonda. Fundi, ni kitu au si kitu?"

Hapo ndipo ukaidi ulipoisha. Siku iliyofuata nilimwona anaingia ofisini kwetu, godoro la mfano, bila ubao wake, limeviringwa begani, mirija inaning'inia, mlinzi anamfuata nyuma akiuliza lile ni nini. Sikunyanyuka. Meza yangu iko nyuma ya kioo, hatua chache kutoka dawati la msaada. Macho hayana pazia, na masikio yangu hayana hata mlango.

Pale dawatini anakaa mwenzetu tunayemwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza kwa kila anayefika amefura. Alimkaribisha kiti, akalipapasa godoro, akaomba liwashwe, akalitazama muda mrefu. Nilifurahi kuona naye limemvutia.

"Taratibu, mzee wangu," akasema. "Usilinadi. Nieleze tu. Mtu akilala hapa, linamfanya nini?"

"Linamwinua huku, linamshusha kule."

"Ili?"

"Ili uzito usikae mahali pamoja."

"Ili?"

"Asipate vidonda vya kulala."

"Andika hivyo."

"Hivyo tu?" Sponji alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue shati mbele za watu. "Na presha je? Na mawazo?"

"Una wa kuja kuthibitisha?"

"Mama."

"Mbali na mama."

Akaandika hivyo tu. Nilikuwa namwona usoni, kila neno aliloliacha lilimuuma kama nywele inayong'olewa. Lakini safari hii njia ilifunguka. Swali likafuatwa na swali, la umeme, la ngozi, la muda wa kutumika, naye akawa anajibu haraka na hata kuanza kutabasamu, kwa sababu kujua ulichokitengeneza ni raha, na kuulizwa na mtu anayetaka kujua kweli ni raha zaidi. Kisha akafika kwenye swali nililoliandika mimi. Kifaa kikisimama ghafla mtu akiwa anakitumia, mtu huyo atapatwa na nini?

"Halisimami," akasema.

"Umeme ukikatika?" Taratibu akauliza.

"Unarudi." Akacheka. Taratibu hakucheka. Sponji akaandika: hapatwi na kitu.

Mdadisi akamletea swali linalofuata, ambalo ni neno moja. Umejuaje? Chini yake pana majibu matatu ya kuchagua: nimejaribu mwenyewe, nimeambiwa na anayekitumia, nadhani tu.

Neno hilo moja nililipigania kikaoni kuliko kitu kingine chochote. Wakubwa walisema ni la kitoto, kwamba halifai kwenye mfumo wa serikali, kwamba litawaudhi waombaji. Nikawaambia wanaoudhika ndio ninaowataka. Nilishinda. Sasa nikakaa nyuma ya kioo nikiona kidole cha kaka yangu kikielea juu ya skrini, kinashuka kwa jibu la kwanza, kinasita, kinahamia la pili, kinasita. Nusu yangu ilitaka kuruka kwa furaha kwamba swali limefanya kazi, na nusu ilitaka kumkimbilia.

"Hili la tatu," akauliza kwa sauti ndogo, "ukilibonyeza inakuwaje?"

"Linakutuma ukajue, halafu urudi," Taratibu akasema. "Halikufukuzi."

Hakubonyeza chochote. Alikunja godoro lake, akalitia begani, akatoka bila kuniaga.

Jumamosi huwa naenda kumwosha mama nywele. Nilimkuta kwenye kiti chake karibu na dirisha, taulo mabegani, nikaanza kumchana. Sponji akaja kutoka karakana, akasimama mlangoni. Hajawahi kusimama mlangoni kwake kama mgeni.

Hapa lazima nieleze jambo moja ambalo wote tulilijua na hakuna aliyeliona. Cherehani yake ni ya umeme. Umeme ukikatika, karakana inasimama, naye hakai bure, huchukua futi yake na kwenda kupima makochi ya wateja. Wifi yuko shuleni. Mimi huja Jumamosi, na mtaa wao Jumamosi haukatiwi. Kwa hiyo katika nyumba yote ile, mtu pekee aliyewahi kuwa na lile godoro likiwa limezimika ni aliyelala juu yake.

"Mama," Sponji akasema, "umeme ukikatika, wewe hapo kitandani inakuwaje?"

Mama alimtazama, tena si kwa mshangao. Alimtazama kama mteja ambaye hatimaye amefika kidirishani.

"Linaisha upepo."

"Lote?"

"Polepole. Mabega kwanza, halafu miguu. Mwisho nakuwa kwenye ubao."

"Ubao upi?"

"Huo ulioweka chini. Una kichwa cha skrubu hapa, usawa wa nyonga."

Kitana kilisimama mkononi mwangu. Sponji alishika fremu ya mlango.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Uliniuliza kama ni zuri. Nikasema ni zuri. Ni zuri kweli, nalipenda. Hili la umeme hakuna aliyeniuliza."

Nilimkasirikia Sponji. Kisha nikamkasirikia mama, kwa kunyamaza ili asimpunguzie mwanawe fahari. Kisha hasira ikakosa pa kuangukia, ikanirudia mwenyewe, mimi niliyeuliza hewa inayotoka inaenda wapi. Tulimwinua, tukamtazama nyonga. Hapakuwa pametoboka. Palikuwa na duara dogo la ukubwa wa kifuniko cha soda, rangi imekolea, na ukiligusa lilikuwa na joto. Muuguzi alikuwa ameliona wiki ile ile na kuuliza ni nini, na mama akamjibu ni mkunjo wa shuka.

Sponji alikwenda ukutani akachomoa waya. Tiki ya saa ikanyamaza. Akavua viatu.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Wahenga wamemjibia," mama akasema. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Haya baba, lala. Chali, mikono pembeni, na usijigeuze. Mimi sijigeuzi."

Akalala. Ni mtu mzito, na mipira ikaguna chini yake. Mwanzoni hakuna kilichotokea, na karakana ilikuwa kimya kabisa isipokuwa redio ya jirani. Mama alimtazama kutoka kitini, akitoa maelezo kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Sasa mabega. Sasa utasikia mgongo unaanza kugusa. Sasa usitake kusogea. Nilisimama na kitana changu, nikimwona kaka yangu akizama, kidogo, na kidogo tena, mpaka turubai likalala bapa pande zote za mwili wake.

"Unajisikiaje?" mama akauliza.

Nilingoja chumvi. Ninamjua. Nilingoja aseme hewa imepungua kidogo tu, au kwamba mgongo kulala pagumu ni afya, au kwamba linahitaji kaboresho kadogo. Alikuwa akitazama dari.

"Linaumiza, Mama."

"Kaa kidogo," mama akasema kwa upole. "Bado hujafika kwenye skrubu."

Akakaa. Sikumbuki kama nimewahi kumpenda kaka yangu kama nilivyompenda dakika zile, lijitu zima limejinyoosha kwenye ubao, soksi zimetoboka, macho yamejaa maji, na halijigeuzi. Alipoinuka alipapasa nyonga yake, akaenda moja kwa moja kwenye simu.

"Muuguzi, usiyangoje," akasema. "Bado. Likizimika linamlaza mtu kwenye mbao." Akasikiliza. "Sijui linachukua muda gani kabla ya kuumiza. Sijui." Akasikiliza tena. "Ndiyo. Nitamuuliza."

Wapo wasiopenda kungoja mwisho wa habari, nami ni mmoja wao, kwa hiyo niseme kabisa: lile godoro lilirudi kwa Mdadisi. Ubao ulikuwa umeondolewa, mahali pake pana tabaka la sponji, na miguu ya kitanda ilikatwa ili wifi asipate shida. Mirija ilikuwa na vali inayofunga hewa ndani umeme ukiondoka. Mdadisi akampa Daraja B, wakaguzi wakalijaribu kwa muda wao mrefu, na leo magodoro yake yapo wodini, na muuguzi hataki kusikia habari ya mengine. Sikugusa faili lile hata nukta.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumamosi ile Sponji aliweka simu chini, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mama, magoti yakigusana na yake. Hakushika kalamu wala karatasi.

"Niambie yote," akasema. "Kelele zake, harufu yake, mipira, kila kinachokusumbua. Usinifiche hata kimoja."

"Yote?"

"Yote, Mama."

Mama aliniambia nibandike maji ya chai, kwa kuwa tungekaa. Kisha akavuta taulo vizuri mabegani, akajiweka sawa kwenye kiti, na akaanza na bega.